Mwizi wa Penseli ya Kijani

Jumatatu, 2 Machi

Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya nyaraka pamoja na onyo: mlango ule haufunguki kwa ufunguo, unafunguka kwa bega. Bega langu la mwalimu mstaafu limeufungua mara mbili leo na sasa nalipaka dawa.

Bodi ya okestra inataka kijitabu cha wakurugenzi wake wa muziki, tangu mwanzilishi mpaka dada aliyepo sasa, na inakitaka kabla ya tamasha la kufunga msimu mwishoni mwa Mei. Mwenyekiti anasema wamenichagua kwa sababu nimefundisha historia maisha yangu yote. Halafu akashusha sauti, "Na wewe ni mtu wa nyumbani." Maana yake mkurugenzi wa tatu ni baba yangu, ninayeishi naye na kumpikia uji.

Sikumwambia mwenyekiti kwamba huyo baba yangu hajakanyaga hapa tangu nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana kipara.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Vumbi. Chafya.

Alhamisi, 5 Machi

Leo Gundi amenifundisha kusoma kurasa zao. Gundi ndiye mtunza nota. Jina lake halisi nadhani linajulikana na mhasibu peke yake. Wengine wote wanamwita hivyo kwa sababu kutwa kucha anabandika karatasi zilizochanika, na ukimpa mkono unaachana naye kwa shida.

Utaratibu wao ni huu. Mkurugenzi mpya, siku ya kwanza, husimama mbele ya wapigaji wote, hufungua kopo la penseli za rangi na kuchagua moja ambayo hakuna aliyemtangulia aliyewahi kuitumia. Tangu hapo, kila neno atakaloandika kwenye nota za wapigaji litakuwa la rangi hiyo. Hakuna ruhusa ya kufuta la mwenzako. Hukubaliani na aliyekutangulia? Andika pembeni yake. Ndiyo maana karatasi moja ya fidla ina ugomvi wa watu ambao nusu yao wako makaburini.

Mwanzilishi alichagua nyeusi na hakupoteza maneno. "Hapana." "Tena." "Hapana." Wa pili, waliyemwita Profesa, alichukua bluu: "Bwana wa tarumbeta, tafadhali tazama kijiti changu, si dirisha." Baba alichukua kijani. Dada wa sasa ana nyekundu.

"Na wa nne?" nikauliza, ingawa najua. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua.

Gundi akajifanya anatafuta mkasi. "Wa nne naye kijani, mwalimu. Kopo zima la rangi, akachukua ya mzee. Mbele ya watu wote. Halafu akatabasamu."

Huyo wa nne ndiye Cherehani. Wapigaji walimpa jina hilo kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda juu na chini bila kupumzika. Baba hajawahi kulitamka jina lolote lake. Anamwita mwizi wa penseli. Wanangu walipokuwa wadogo walidhani ni mtu wa kwenye hadithi, wa kutishia watoto wasiolala. Baba aliondolewa na bodi, hilo alilimeza. Lakini mwaka uliofuata alikwenda kuwasalimu wapigaji wake wa zamani, akakuta kijani kibichi juu ya kijani chake, na huyo bwana amesimama hapo na koti la kijani pia. Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu, na ikawa basi.

Jumatatu, 9 Machi

Hospitali na baba. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia, daktari anasema, linaaga, na hawezi kuahidi kama litafika mwisho wa mvua. Baba akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia karibu na sikio hilo hilo linaloaga. Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa duka limefunga mapema.

Njiani nikamwomba aje kwenye tamasha la mwisho wa msimu. Angalau awasikie mara moja kabla. Akatazama nje. "Nikae nisikilize alichonifanyia mwizi?"

"Baba, alishastaafu. Anayeongoza ni dada mwingine kabisa."

"Karatasi ni zile zile."

Nimekasirika mpaka nimeunguza wali.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemwona baba yangu leo. Yaani nimemwona kweli, kwenye karatasi.

Mimi nimekulia kwa mtu wa maneno machache na mengi ya hayo yalihusu makosa yangu. Nilipofaulu mtihani wa ualimu aliniuliza kwa nini hisabati imeshuka. Sasa nafungua makasha ya miaka yake na kukuta kijani hiki. Kwa wapiga pembe: "Pumueni hapa. Hakuna anayewafukuza." Kwa fidla za pili, ambazo hakuna anayezijali: "Ninyi ndio sakafu. Wengine wote wanacheza juu yenu." Kwa mpiga filimbi, mwanzo wa kipande anachopiga peke yake: "Usiogope. Nakutazama wewe tu."

Nilikaa juu ya kasha nikalia. Gundi akaleta chai, akaiweka chini, akaondoka kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemsomea baba maneno yake baada ya chakula, nikiwa nimebandika mdomo kwenye sikio lake. Nilimwambia sikujua kama alikuwa na moyo wa namna hiyo. Aliacha kutafuna. Kisha akasema, "Endelea kusoma."

Nikaendelea mpaka sauti ikakauka.

Ijumaa, 20 Machi

Kutwa nimehudhuria mazoezi, maana lazima nimwandike na dada wa sasa. Wapigaji wanamwita Dada Mkuu, ingawa wengi wao wangeweza kumzaa. Nilikwenda na kisirani, nakiri, nikidhani ni wale wa kupendwa na magazeti. Nikamkuta ukumbini kabla ya watu, anahama kiti hadi kiti. Anakaa cha mpiga besi, anatazama mbele, anainuka. Anakaa cha ngoma.

"Unatafuta nini, dada?"

"Nataka kujua kila mmoja ananionaje kutoka kwake," akasema. "Yule wa pembe ya tatu alikuwa ananikosa kwa sababu ya kichwa cha mwenzake. Nilimlaumu wiki mbili bure. Leo nitamwomba radhi."

Na akamwomba, mbele ya wote. Mpiga pembe yule, mtu mzima mwenye ndevu, hakujua aweke wapi mikono.

Aliponifikia wakati wa mapumziko aliuliza habari ya baba. Anasoma kijani chake kila siku, anasema. Ndicho kilichomfundisha kazi. "Mwambie aje anikosoe, mama. Nitamwekea kiti popote anapotaka." Nimemwambia nitajaribu. Namheshimu huyu binti kuliko nilivyopanga.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Nimemfikishia baba salamu za Dada Mkuu. Amesema yeye si mtu wa maonyesho.

Alhamisi, 9 Aprili

Profesa amekamilika. Mwanzilishi amekamilika. Sura ya baba inazidi kurefuka na siwezi kuipunguza. Kila kasha lina kijani kingine cha kunitoa machozi kwa uzuri. Sura ya Cherehani ina aya moja na nusu, kavu kama biskuti. Gundi ameisoma akasema, "Mwalimu, huyu mtu alikaa miaka mingi kuliko wote." Nikamwambia miaka si hoja.

Jumatano, 15 Aprili

Lazima niandike hili polepole.

Leo asubuhi mlango wa stoo uligongwa, ukasukumwa, ukakataa, na sauti ya mzee ikasema nje, "Bado mnatumia bega?" Nikaufungua. Alikuwa Cherehani mwenyewe, ameloa, kasha la picha kwapani, na mwilini koti la kijani. La kijani! Nikalitundika nyuma ya mlango.

Ana adabu, lazima niseme. Alinipa pole ya baba kabla ya kukaa. Picha zake zote ameandika nyuma majina ya wapigaji, mpaka mfagiaji wa ukumbi, na yeye mwenyewe yumo katika chache tu, pembeni. Akanieleza nani alikuwa nani, na kila mmoja alimkumbuka kwa kipande kizuri alichowahi kupiga. Nikawa naandika huku nikijilazimisha kumchukia.

Mwisho akasema, "Maandishi yangu hutapata tabu nayo. Utayajua kwa ile kahawia."

"Hakuna kahawia humu," nikasema. "Nimefungua makasha yote."

"Itakosekanaje? Nimeandika kwa kahawia miaka yangu yote."

Nikamwona mzee anayedanganya mchana kweupe, machoni pa mtu mzima mwenzake. Nikafunika kalamu yangu, nisije nikatoa maneno ya kujutia. Akainuka kuaga. "Mwanangu, nipitishie koti langu. Lile la kahawia."

Nyuma ya mlango yalikuwepo mawili, lake na la Gundi, na la Gundi ndilo la kahawia. Nikampa alichoomba. Akalivaa, mikono ya koti ikaishia kwenye viwiko vyake. "Hili si langu."

"Umesema la kahawia."

"Langu ndilo la kahawia."

"Mzee, koti lako ni la kijani."

Alilishika lile koti lake, akalitazama kama mtu anayetafuta tundu. Kisha akakaa tena na kuuliza kwa sauti ndogo, "Na penseli?"

Nikachukua karatasi ya pembe, nikaiweka mbele yake. Hii? akauliza. Kijani. Na hii ya baba yako? Kijani, mzee, ile ile. Na hii hapa chini? Kijani. Akaweka viganja viwili juu ya kichwa cheupe.

Macho yake, alinieleza, hayajui kijani, kahawia wala nyekundu. Kwake zote ni ndugu wa tumbo moja. Amezaliwa hivyo na amelificha maisha yake yote, maana katika nyumba hii kila kitu kimeandikwa kwa rangi, na nani angemwajiri? Siku ya kuchagua aliingia mapema akamwomba mtu amwonyeshe kahawia, akaambiwa ni ile ya mwisho koponi. Akakariri mahali pake. Kabla ya shughuli kuanza, mtu mwingine akalipangua lile kopo. Akasimama mbele ya wapigaji wote, akachukua ya mwisho, akatabasamu.

"Ukumbi ulinyamaza," akasema. "Nikadhani ni heshima."

Hakuna aliyewahi kumwambia. Wapigaji walidhani ni jeuri, wakaogopa. Baba hakusema nje ya nyumba yetu. Na mwaka ule baba alipogeuka mlangoni na kuondoka, Cherehani alimfuata mpaka barabarani akimwita, akadhani mzee amemwona hafai. "Nilimwabudu baba yako, mwanangu. Nilikuwa naandika nikijiuliza, huyu mzee angesemaje?"

Nilizinduka baadaye, nikiwa peke yangu na karatasi. Pumueni hapa, hakuna anayewafukuza. Usiogope. Ninyi ndio sakafu. Maneno hayo ni ya kijani cha nani?

Alhamisi, 16 Aprili

Sikuandika chochote kazini. Nimekaa tu nikitazama kijani.

Jumamosi, 18 Aprili

Cherehani alikataa nimpelekee baba habari. "Aibu ni yangu, niache niibebe mwenyewe." Akaja leo, na koti lile lile, maana hana jingine.

Baba alimtambua tangu getini. Hakuinuka. Nikapiga magoti kando ya sikio lake nikamweleza yote, koti, kopo, macho. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Uongo. Mtu mzima hawezi kukosa kuona kijani."

Kisha akaniagiza jikoni nilete nyanya zote. Nililazimika kuuliza mara mbili. Nikaleta bakuli: nyingine zimeiva, nyingine nilizochuma mbichi ziivie ndani. Baba akalisukuma mbele ya mgeni. "Chagua zilizoiva."

Cherehani akanyoosha mkono.

"Bila kubinya!" baba akafoka.

"Bila kubinya nitajuaje, mzee?"

"Tazama!"

Akatazama. Maskini akatazama kwa bidii yote, akachagua tatu kwa uangalifu, akazipanga mbele ya baba kama mwanafunzi anayekabidhi daftari. Mbili zilikuwa mbichi kabisa, ngumu, za kijani.

Baba akazitazama zile nyanya. Akaokota moja, akaigonga mezani, ikalia ko. Nikaona mabega yake yanatetemeka, nikaogopa, kumbe anacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho. Alicheka mpaka machozi, na Cherehani akacheka naye, na ghafla baba alikuwa halii kwa kicheko tena. Akasema, "Miaka yote hii. Mungu wangu. Miaka yote hii kwa ajili ya kopo."

Akamwambia akae ale. Nimekata kachumbari ya nyanya nilizozichagua mwenyewe.

Jumanne, 21 Aprili

Baba amekanyaga ukumbi! Amepita mlango wa nyuma, akidai amekuja kwa kazi tu. Na ni kweli, kazi ipo: hakuna mwingine duniani awezaye kunitenganishia kijani na kijani. Wameketi meza moja, miwani kwa miwani, mimi katikati na kalamu. Mwandiko wa baba unalalia kushoto kidogo, wa Cherehani unasimama. Nilikuwa nimeuona mwandiko huo mwezi mzima na sikutaka kuuona.

"Yangu," anasema baba. "Yako. Yako. Yangu, na nilikosea."

Nikatoa karatasi ya pembe. Baba hakuvaa hata miwani. "Yake," akasema. Ya filimbi pia yake. Ya sakafu yake. Ya baba zilikuwa zile nilizoziruka: hesabu za pinde za fidla, nani aanze, nani asubiri, kazi safi isiyo na neno la ziada, ambayo Cherehani anasema bila hiyo yeye asingekuwa na cha kusema.

Mwenzake alipokwenda kunywa maji, baba akanigeukia. "Nilijua tangu siku ile uliponisomea. Sikuwahi kuandika mambo hayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanitazama vizuri," akasema. "Nikasema acha aendelee kidogo."

Nimemkumbatia hapo hapo, mbele ya Gundi. Nampenda baba yangu huyu wa kweli, na nimemwambia, na sijui kama alisikia.

Jumanne, 5 Mei

Sura ya Cherehani sasa ni ndefu kuliko zote. Ya baba ni fupi na ni ya kweli, naionea fahari. Baba ameisoma, akasahihisha nukta mbili.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua ilipiga bati alfajiri kama mawe. Baba aliamka akaniuliza kama nje kumekauka.

Jumatatu, 18 Mei

Daktari amethibitisha kwamba sikio la kulia nalo limekwisha. Kifaa cha sikio hakitasaidia kitu. Baba hatakwenda kwenye tamasha. "Niende kufanya nini?" ameuliza, na safari hii hakuna hasira ndani yake. Tumechelewa. Laiti lile kopo, laiti ule mlango, laiti mimi mwenyewe ningeuliza miaka ishirini iliyopita.

Ijumaa, 29 Mei

Cherehani amekuja na karatasi ameandika kwa herufi kubwa: MIMI SIONI NYANYA LAKINI SOKONI NAKWENDA. Baba akaisoma mara mbili. Akaniomba nimpigie pasi suti.

Jumapili, 31 Mei

Jana usiku nilishindwa kuandika. Nimeamka, nimepika uji, sasa naweza.

Dada Mkuu alitimiza ahadi yake. Aliwawekea baba na Cherehani viti viwili mstari wa mbele, upande wa fidla, na kabla ya kupanda jukwaani alipita akainama mbele ya kila mmoja. Vijitabu vyangu viligawiwa. Nilikaa nyuma ya baba, nikitazama shingo yake ndani ya kola iliyokuwa pana kuliko zamani.

Sitaeleza muziki, sina maneno yake. Nilimtazama baba. Hakufumba macho kama wengine. Alisogea hadi ukingoni mwa kiti na kichwa chake kikawa kinakwenda kutoka fidla hadi chelo, kutoka chelo hadi besi. Cherehani hakuwa anamtazama Dada Mkuu hata kidogo. Alikuwa anamtazama baba.

Sehemu ya pili ilipokwisha ukawapo ule ukimya wao wa kati, ambao watu hawapigi makofi na hata kikohozi kinaonewa aibu. Dada Mkuu alikuwa ameshusha kijiti, mgongo kwetu. Baba akamwinamia mwenzake kumnong'oneza. Lakini mtu asiyejisikia hajui kunong'ona. Ilitoka sauti yake yote, ile ya kuamrisha okestra nzima:

"SISIKII KITU! LAKINI TAZAMA PINDE ZILE! MIMI NA WEWE HATUKUWAHI KUZIPATA HIVI! HUYU BINTI ANATUSHINDA SOTE!"

Hakuna aliyecheka. Cherehani akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola. Mpiga besi wa nyuma akagonga mguu sakafuni, ndivyo wanavyoshangilia wao, wa pembe wakamfuata, mpaka jukwaa zima likawa linatetemeka. Dada Mkuu hakugeuka. Alitoa kitambaa, akasimama nacho muda, kisha akainua kijiti tena.

Nyumbani nilimsaidia baba kuvua viatu. Alikuwa amechoka na ameridhika. Akaniuliza, "Mbona yule binti alikuwa anafuta uso katikati ya kazi?"

"Jasho, baba," nikamwandikia kwenye karatasi.

Akaisoma, akaitikia. "Ukumbi ule una joto. Nilishawaambia zamani waweke feni."